Kilichobadilika Ndani ya Mbegu: Jinsi ya Kuuliza Kuhusu Usalama wa Mazao ya GMO

Tangu Oktoba 2022, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipoondoa marufuku ya mazao yaliyobadilishwa jeni, yaani GMO, iliyokuwa imewekwa Novemba 2012, mjadala kuhusu mazao hayo umekuwa ukizunguka baina ya mahakama, misikiti, makanisa na baraza za kahawa. Mwaka 2023 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitupilia mbali kesi iliyoupinga uamuzi huo. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikatoa amri ya kuusimamisha hadi rufaa isikizwe. Kwa wakazi wa Mombasa suala hili liko karibu kuliko wanavyodhani wengi, kwa sababu mahindi yanayoagizwa kutoka ng'ambo huteremshwa katika bandari yetu kabla ya kufika kinuni popote nchini, na tayari mwaka 2010 shehena ya mahindi kutoka Afrika Kusini ilizua mvutano hapa hapa kwa kuwa na mahindi ya GMO.

Katika mjadala huo wako wanaosema kwamba vyakula hivi ni sumu, na wako wanaosema kwamba ni salama na anayeuliza zaidi ni mtu asiyeelewa sayansi. Makundi yote mawili yanajibu swali ambalo, kwa jinsi linavyoulizwa, halina jibu. Hakuna kitu kimoja kiitwacho GMO ambacho kinaweza kupimwa na kuthibitishwa kuwa ni salama au ni hatari. Yako mazao mbalimbali, kila moja likiwa na badiliko lake, lililotua mahali pake katika DNA ya mmea wake, yaani ule uzi mrefu wa maelekezo ya urithi unaosomwa kama maandishi ya herufi, na usalama hupimwa kwa badiliko hilo, katika zao hilo, na katika shamba litakamolimwa. Ili kuelewa kwa nini ni hivyo, tuanze na yale yanayotokea ndani ya seli.

Jeni ni kipande cha DNA chenye maelekezo ambayo seli huyafuata, mara nyingi ili kutengeneza protini fulani. Watafiti wanaotaka kuingiza jeni mpya katika mmea hutumia hasa njia mbili. Ya kwanza ni kumtumia bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium, ambaye kwa maumbile yake huingiza kipande cha DNA yake katika seli za mimea na kuulazimisha mmea umlishe. Watafiti huziondoa jeni zinazouletea mmea uvimbe na kuweka badala yake jeni wanazozitaka. Ya pili ni kufyatua chembe ndogo sana za dhahabu au tungsteni zilizopakwa DNA, zikapenya ndani ya seli. Seli chache zilizoipokea jeni huteuliwa, aghalabu kwa msaada wa jeni ya alama inayoziwezesha kustahimili dawa fulani, kisha hukuzwa maabara hadi zikawa mimea kamili. Kila mmea uliopatikana kwa namna hiyo, pamoja na uzao wake wote, huhesabiwa na wataalamu kuwa tukio moja la ubadilishaji, na hupewa jina au namba yake.

Njia hizo mbili zina kasoro moja inayofanana: mtafiti huichagua jeni, lakini hachagui mahali itakapotua. Ni sawa na kupenyeza ukili mpya katika mkeka uliokwisha kushonwa, ambapo huenda ukakaa vizuri kabisa na huenda ukazilegeza au kuzikata zile zilizo jirani. Jeni inaweza kutua katikati ya jeni nyingine na kuizima, au karibu na jeni iliyolala na kuiamsha. Inaweza kuingia nakala mbili au tatu badala ya moja. Inaweza kuingia ikiwa imekatika. Na mahali ilipoingilia DNA ya mmea yenyewe inaweza kupotea kidogo au kupangika upya.

Mambo haya yameonekana katika mazao yanayouzwa. Soya inayostahimili dawa ya magugu ya Roundup, iliyotolewa na kampuni ya Monsanto na kuanza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996, ilitengenezwa kwa njia ya kufyatua. Miaka mitano baadaye watafiti wa Ubelgiji waliuchunguza ukingo wa jeni hiyo na kukuta kipande cha herufi 534 za DNA ambacho hakikutajwa katika maelezo yaliyowasilishwa kwa wadhibiti na ambacho hakikufanana na DNA ya soya iliyojulikana wakati huo. Mfano ulio karibu zaidi nasi ni mahindi ya MON 810, yenye jeni inayoua viwavi vinavyotoboa mabua, ambayo ndiyo jeni iliyomo katika mahindi ya TELA yaliyofanyiwa majaribio na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo Kenya, yaani KALRO. Jeni hiyo ilipoingia ilikatika upande wa mwisho, na ile sehemu inayoiagiza seli ikome kusoma ikapotea. Watafiti wa Ulaya walionyesha baadaye kwamba seli za mahindi hayo hupitiliza mpaka wa jeni na kuendelea kusoma DNA ya mahindi iliyo jirani.

Anayesoma habari kama hizo kwa mara ya kwanza hushtuka, na ana haki ya kushtuka, lakini inafaa atofautishe mambo mawili. Kwamba DNA ilivurugika mahali jeni ilipotua ni jambo lililothibitika. Kwamba mvurugiko huo umeleta madhara kwa mlaji ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake. Kipande cha ziada ambacho hakizalishi chochote hakina athari katika sahani ya ugali. Hata hivyo, nisingeipuuza hoja ya wanaosema kwamba kampuni iliyoshindwa kuuona mvurugiko katika zao lake haikulichunguza vya kutosha, na kwamba vifaa vya miaka ya 1990 havikuwa na uwezo wa kuona mengi. Mwaka 2019, kwa vifaa vipya vinavyosoma DNA kwa vipande virefu, watafiti walichunguza mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis na kukuta vipande vilivyoingizwa na Agrobacterium vimejirudia hadi kufikia urefu wa herufi 236,000, huku sehemu za kromosomu zikiwa zimehama. Kwa kuwa leo jenomu nzima, yaani DNA yote ya mmea, inasomeka kwa gharama nafuu, hakuna udhuru wa tukio jipya kuletwa mbele ya wadhibiti bila kusomwa kutoka mwanzo hadi mwisho.

Liko badiliko jingine ambalo wengi hawalitaji, nalo halitokani na jeni iliyoingizwa. Kuukuza mmea mzima kutoka katika seli chache maabara huvuruga DNA na namna inavyodhibitiwa. Mfano wake bora unatuhusu sisi watu wa Pwani, kwa sababu ni wa mihogo. Mihogo yetu ina maadui wawili wakubwa: ugonjwa wa batobato, unaokunja na kuyatia madoa majani, na ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao ni wa hila zaidi kwa kuwa majani yanaweza kuonekana mazima, ilhali muhogo ukichimbuliwa na kukatwa ndani umeoza na kukauka kama kizibo. Watafiti walikuwa wameichukua aina moja inayopendwa na wakulima, TME 204, iliyo na kinga ya asili dhidi ya batobato, wakaiongezea jeni ya kuikinga na michirizi. Kinga mpya ilifanya kazi. Kinga ya zamani ikapotea. Mihogo iliyoponywa ugonjwa mmoja ikawa inaugua ule mwingine. Walipofuatilia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, waligundua kwamba hata mimea ambayo haikuingizwa jeni yoyote, mradi ilipitia hatua ile ile ya kukuzwa kutoka katika seli, ilikuwa imepoteza kinga hiyo. Aina nyingine, ambazo kinga yake ilitokana na chanzo tofauti, zilibaki nayo.

Habari hii ina uzito kuliko mabango mengi ya maandamano. Inaonyesha kwamba mabadiliko yasiyokusudiwa yapo na yanaweza kumgharimu mkulima shamba zima. Inaonyesha pia kwamba yaligunduliwa na watafiti wenyewe kwa sababu waliipanda mimea hiyo shambani badala ya kuridhika na maabara. Tena ina sehemu ambayo ni ya mihogo peke yake. Mahindi yakipata dosari kama hiyo, husafishwa kwa kuyazalisha mara nyingi na mahindi ya kawaida na kuchagua watoto waliobeba jeni inayotakiwa bila dosari. Muhogo haukubali kirahisi, kwa sababu hupandwa kwa pingili na si kwa mbegu, na ukiuzalisha kwa mbegu watoto hutoka tofauti na mama, kila mmoja kwa namna yake, na ile aina aliyoipenda mkulima kwa ladha na kwa unga wake huwa imepotea. Kwa hiyo mwenye kuingiza jeni katika muhogo hubeba dhamana kubwa ya kuchunguza kuliko mwenye kuingiza katika mahindi.

Sasa tugeukie kigezo cha kulinganishia, maana haifai kuyapima mazao ya GMO kwa kuyalinganisha na mmea safi usiobadilika ambao haujawahi kuwepo. Jenomu ya mahindi ina herufi zipatazo bilioni 2.3, na karibu asilimia 85 yake ni vipande vinavyoweza, au viliwahi, kuruka kutoka mahali pamoja hadi pengine. Barbara McClintock alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1983 kwa kuvigundua katika mahindi. Kila punje ya mahindi ya kawaida huzaliwa na makumi ya mabadiliko mapya ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Aina zaidi ya 3,000 za mazao zimepatikana kwa kuzipiga mbegu mionzi au kemikali ili DNA yake ivurugike, kisha kuchagua zilizotoka vizuri, na hizo huuzwa bila kufanyiwa uchunguzi wowote wa jeni. Viazi vitamu tunavyovipika kwa nazi wakati wa futari navyo vimo: mwaka 2015 watafiti walichunguza aina 291 zinazolimwa na kukuta zote zina DNA ya Agrobacterium, iliyoingia bila ya mkono wa mtu maelfu ya miaka iliyopita.

Mfano wa karibu zaidi ni muhogo wa Kaleso. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara nyuma ya Tanga, na kwa miongo mingi ulibaki kuwa maradhi ya nyanda za chini za mwambao wetu hadi ulipoanza kuenea Uganda na kanda ya maziwa baada ya mwaka 2004. Watafiti wa Amani waliuzalisha muhogo na jamaa yake wa msituni, ule mti wa mpira wenye asili ya Brazili, kisha wakaurudisha kwa mihogo tena na tena hadi wakapata mihogo inayolika yenye kustahimili. Mmoja katika uzao huo ndio unaojulikana Pwani ya Kenya kwa jina la Kaleso na Tanzania kwa jina la Namikonga. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba Namikonga bado ina vipande virefu vya DNA ya mti wa mpira, vyenye jeni nyingi ambazo hakuna aliyezihesabu wakati huo wala aliyeuliza kazi yake. Bibi zetu waliupanda, wakaula, na wakaishi.

Hoja hii ya mabadiliko ya kawaida ni ya kweli, lakini hutumiwa vibaya na watetezi wa GMO kana kwamba inafunga mjadala. Haiufungi. Mwaka 1967 aina mpya ya kiazi iitwayo Lenape ilitolewa Marekani, iliyozalishwa kwa njia ya kawaida kabisa. Mwaka 1970 ikaondolewa kwa sababu ilikuwa na kiwango kikubwa mno cha sumu ya solanini. Mihogo yenyewe, kila aina, ina viini vinavyotoa sianidi, na ndiyo maana watu wanaokula mihogo michungu wana desturi ya kuiroweka, kuivundika na kuianika. Funzo la Lenape ni kwamba njia ya kawaida nayo inaweza kuleta sumu, kwa hiyo kinachopaswa kupimwa ni zao lililopatikana. Mtu akilichukua funzo hilo kama ruhusa ya kutopima GMO, amelishika kinyume.

Katika chakula, swali la kwanza ni kama kuna protini mpya na kama protini hiyo inaweza kumdhuru mlaji, hasa kwa kumletea mzio. Mifano mitatu hutajwa sana. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni moja ya Marekani iliingiza katika soya protini ya kokwa za Brazili ili kuboresha chakula cha mifugo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1996 vilionyesha kwamba watu wenye mzio wa kokwa hizo wangedhurika na soya hiyo pia, na mradi ukaachwa. Nchini Australia, mwaka 2005, watafiti walitangaza kwamba protini ya maharagwe iliyohamishiwa kwenye njegere, ambayo katika maharagwe haikuleta shida, ilikuwa imebadilika kidogo katika umbo lake na kuamsha kinga za mwili za panya. Kazi ya miaka mingi ikasimamishwa. Mfano wa tatu ni mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa Marekani kuwa chakula cha mifugo pekee kwa kuwa protini yake ilichelewa kuyeyushwa tumboni, lakini mwaka 2000 yakapatikana katika vyakula vya watu madukani. Uchunguzi uliofuata haukuthibitisha kwamba kuna mtu aliyedhurika, ila ilidhihirika kuwa mpaka wa karatasini baina ya chakula cha ng'ombe na cha watu haulindiki pale punje zinapopita katika maghala yale yale. Hili la tatu ndilo la kuangaliwa zaidi na mji wa bandari kama wetu.

Protini ya mahindi ya MON 810 hutoka kwa bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis, kwa ufupi Bt, ambaye amenyunyizwa mashambani kwa miongo mingi, hata na wakulima wasiotumia kemikali. Hufanya kazi katika utumbo wa kiwavi, wenye hali ya magadi, kwa kushikamana na vipokezi maalumu na kuutoboa utumbo huo. Tumbo la binadamu lina asidi na halina vipokezi hivyo. Muhogo unaokingwa dhidi ya michirizi ni tofauti tena, kwa sababu hauna protini mpya ya kuukinga: jeni iliyoingizwa hutengeneza vipande vifupi vya RNA, molekuli ya jamii ya DNA, vinavyofanana na sehemu ya virusi, na seli ya muhogo huvitumia kuvitambua virusi hivyo na kuvikatakata. Anayeuhofia muhogo huo kwa sababu ya mzio anauliza swali lisilouhusu. La kuuliza ni kama vipande hivyo vifupi vinaweza kuzizima jeni nyingine za muhogo zenye mfanano navyo, na kama kiwango cha sianidi kimebaki palepale. Maswali hayo yanapimika, na ndiyo yanayopaswa kujibiwa katika faili la kila tukio.

Hapa lazima nitaje utafiti uliosababisha marufuku ya mwaka 2012. Mfaransa Gilles-Éric Séralini na wenzake waliwalisha panya mahindi ya NK603, ambayo ni ya GMO yanayostahimili Roundup, pamoja na dawa hiyo ya Roundup kwa miaka miwili, wakachapisha Septemba 2012 picha za panya wenye uvimbe mkubwa. Wiki chache baadaye Kenya ikafunga mlango. Panya walikuwa 200, lakini waligawanywa katika makundi ya kumi kumi, na walikuwa wa jamii ya Sprague-Dawley, ambayo hupata uvimbe kwa wingi inapozeeka hata ikila chakula cha kawaida. Kwa idadi hiyo ndogo huwezi kutofautisha athari ya chakula na bahati. Jarida liliuondoa utafiti huo Novemba 2013, jarida jingine likauchapisha tena mwaka 2014, na utafiti wa miaka miwili uliogharimiwa na Umoja wa Ulaya kwa panya wengi zaidi katika kila kundi, matokeo yake yakatolewa mwaka 2018, haukupata madhara yaliyodaiwa. Nayo Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, baada ya kupitia tafiti zaidi ya 900, ilieleza mwaka 2016 kwamba haikupata ushahidi thabiti wa tofauti ya hatari kwa afya baina ya vyakula vya mazao ya GMO yanayouzwa na vile vya kawaida.

Anayeendelea kuzisambaza picha za panya wale anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Kwa upande wa pili, ile kauli kwamba Wamarekani wamekula GMO tangu miaka ya 1990 na hawajafa nayo si ushahidi mzito kama inavyotamkwa. Kula bila kufuatiliwa kunaondoa hofu ya sumu kali ya mara moja, na hakusemi mengi juu ya madhara madogo ya polepole katika nchi ambako kwa miaka mingi chakula hicho hakikuwa na lebo. Tena Wamarekani huyala mahindi hayo zaidi kama mafuta, sharubati na nyama ya mifugo iliyolishwa. Sisi tungeyala kama ugali, mchana na usiku.

Ikiwa kuna upande wa mahindi yetu ambao umeua watu kwa hakika, ni ule wa kuvu. Mwaka 2004 sumu ya aflatoksini katika mahindi yaliyohifadhiwa vibaya iliwapata watu 317 huko Ukambani, na 125 kati yao wakafa. Viwavi wanapoyatoboa magunzi huifungulia kuvu njia, na mahindi yenye jeni ya kuwaua viwavi yameonekana mara kwa mara kuwa na sumu kidogo zaidi ya fumonisini, inayotokana na kuvu wa jamii nyingine. Kwa aflatoksini faida hiyo si ya kutegemewa hivyo. Ninalitaja kwa sababu mizani ya usalama ina sahani mbili, na aghalabu tunaipakia moja tu.

Shambani ndiko ambako, kwa maoni yangu, hatari zimethibitika zaidi, ingawa ndizo zinazozungumzwa kwa uchache. Afrika Kusini ilianza kulima mahindi yenye jeni ya Bt mwishoni mwa miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua wa mabua wa aina ya Busseola fusca alikuwa ameizoea protini hiyo na haimuui tena. Kinga dhidi ya hali hiyo inafahamika: mkulima hutenga sehemu ya shamba na kupanda mahindi ya kawaida, ili wadudu wasio na usugu waendelee kuzaana na kuchanganyika na wenye usugu. Katika shamba la mamia ya ekari ni rahisi kusema hivyo. Katika ekari moja ya Kinango au Kaloleni, ambako mkulima huyo huyo anatakiwa aache mistari kadhaa iliwe na wadudu kwa faida ya jirani zake, sharti hilo linahitaji zaidi ya maandishi kwenye mfuko wa mbegu. Viwavijeshi vamizi, walioingia Afrika mwaka 2016, wamelifanya jambo liwe gumu zaidi, kwa kuwa protini ya MON 810 huwapunguza tu.

Mazao yanayostahimili dawa za magugu yana mkasa wake. Yanapolimwa mfululizo, magugu hupata usugu na wakulima huongeza dawa, na mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka glaifoseti, kiini cha dawa ya Roundup, katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu, uamuzi ambao wadhibiti kadhaa hawakukubaliana nao. Hiyo ni hatari ya dawa na namna inavyonyunyizwa. Mahindi ya TELA na mihogo ya kinga ya virusi hayahusiki nayo hata kidogo, na kuyatupia lawama hiyo ni kuchanganya mambo.

Kisha kuna chavua. Mahindi huchavushwa kwa upepo, na mkulima wa Kilifi anayeihifadhi mbegu yake ya Mdzihana mwaka hadi mwaka hawezi kuujengea upepo ukuta. Jirani akipanda mahindi ya Bt, jeni itaingia katika mbegu yake bila ya yeye kujua wala kuamua. Kwa mihogo, iliyofanyiwa majaribio ya shambani hata Mtwapa, hofu hiyo ni ndogo kwa kuwa hupandwa kwa pingili. Lakini pingili nazo hupeanwa bure kutoka ua hadi ua, na aina yenye sifa nzuri huenea kijiji kizima kabla ya msimu wa pili kwisha. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia iliidhinisha tukio namba 4046 la mihogo mwaka 2021 kwa ajili ya majaribio ya kitaifa. Siku aina hizo zikimfikia mkulima, hakuna daftari litakaloweza kuonyesha ziko wapi na wapi haziko. Hali hiyo ni nzuri kwa mwenye njaa na ngumu kwa anayetaka kufuatilia athari.

Teknolojia mpya ya kuhariri jeni, CRISPR, hupunguza baadhi ya matatizo niliyoyaeleza, kwa sababu mtafiti huchagua mahali pa kukata. Haiyaondoi yote. Mwaka 2019 wadhibiti wa Marekani walikuta katika ng'ombe waliohaririwa jeni ili wasiote pembe, kwa kifaa cha jamii ya karibu na hicho, vipande vya DNA ya bakteria pamoja na jeni ya usugu dhidi ya antibiotiki, jambo ambalo waliowatengeneza hawakuliona. Kenya ilitoa mwongozo wake wa uhariri wa jeni mwaka 2022, ambao huruhusu mazao yasiyobaki na DNA ya kigeni kutendewa kama ya kawaida. Anayetaka nafuu hiyo na aonyeshe kwanza, kwa kuisoma jenomu yote, kwamba hakuna kilichobaki.

Sheria yetu ya Usalama wa Kibayolojia ni ya mwaka 2009, na kanuni za lebo za mwaka 2012 zinataka chakula chenye zaidi ya asilimia 1 ya GMO kitajwe hivyo kwenye pakiti. Kanuni hiyo inafaa kwa unga wa pakiti katika duka kubwa la Nyali. Mahindi yanayouzwa katika soko la Kongowea kwa kibaba na kwa gunia hayana pakiti ya kuandikwa, muuzaji mwenyewe hajui yalitoka meli ipi, na wateja wengi wa mji huu hununua huko. Kipimo cha kutambua jeni ya MON 810 kipo na si ghali kwa kiwango cha shehena, kwa hiyo mahali pa kukiweka ni gatini, kabla punje hazijachanganyika kwenye maghala, na matokeo yake yaandikwe kwenye hati zinazofuatana na mahindi hadi sokoni. Mpaka hilo litendeke, haki ya mnunuzi wa Kongowea kujua anachokula iko katika gazeti la serikali pekee.